Joto la prosesa katika kompyuta ya mezani

Joto la prosesa ni joto linalotokea ndani ya prosesa (huitwa pia kichakataji au bongo kuu) wakati kompyuta inapofanya kazi. Katika kompyuta ya mezani joto hilo huondolewa kwa kutumia pesti ya joto, hitisinki na feni. Likizalishwa haraka kuliko linavyoondolewa, halijoto ya prosesa hupanda. Prosesa hujipunguzia kasi, na hilo lisipotosha kompyuta huzimika ghafla ili prosesa isiungue.

Halijoto ya juu si tatizo moja lenye suluhisho moja. Joto husafiri kwa hatua kadhaa kutoka kwenye silikoni hadi hewa ya chumba, na kila hatua inaweza kuziba. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kutambua mahali ambapo njia ya joto imekatika, kabla ya kununua kifaa chochote. Mara nyingi kinachohitajika ni kuondoa vumbi, kufunga hitisinki vizuri au kupaka pesti mpya, na gharama ya kazi hizo ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya prosesa au kompyuta nyingine.

## Chanzo cha joto

Prosesa ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi. Katika prosesa za siku hizi idadi yake hufikia mabilioni. Kila transista ni swichi ndogo. Inapobadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, chaji kidogo ya umeme hujazwa na kumwagwa, na nishati yake huishia kuwa joto. Kuna pia umeme unaovuja katika transista hata zisipobadilika, na uvujaji huu huongezeka kadiri silikoni inavyopata joto.

Karibu umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka kama joto. Prosesa inayotumia wati 65 hutoa joto linalokaribiana na lile la balbu ya zamani ya wati 60. Tofauti ni kwamba joto la prosesa hutoka katika eneo la sentimita mraba chache tu, na kazi haiwezi kuendelea vizuri eneo hilo likipata moto kama balbu.

Nguvu inayotumiwa na transista zinapobadilika hutegemea mambo matatu: uwezo wa saketi kubeba chaji (C), volteji (V) na idadi ya mabadiliko kwa sekunde (f). Huandikwa hivi:

P = C × V² × f

Volteji huzidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo badiliko dogo la volteji huleta badiliko kubwa la joto. Volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10, nguvu hii hushuka hadi 0.9 × 0.9 = 0.81 ya ile ya mwanzo, yaani punguzo la asilimia 19, hata kama kasi haikuguswa. Volteji ikiongezwa kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa asilimia 21.

## Njia ya joto

Joto hutoka kwenye silikoni hadi nje ya kompyuta kwa hatua hizi:

1. Kutoka kwenye silikoni hadi kwenye kifuniko cha metali kilicho juu ya prosesa.
2. Kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye kitako cha hitisinki, kupitia pesti ya joto.
3. Kutoka kwenye kitako hadi kwenye mapezi membamba ya hitisinki.
4. Kutoka kwenye mapezi hadi kwenye hewa inayosukumwa na feni.
5. Kutoka ndani ya kasha la kompyuta hadi kwenye hewa ya chumba.

Hatua ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Metali mbili zinazoonekana laini kwa macho zina mabonde madogo, na zikigusana hewa hubaki katika mabonde hayo. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Pesti ya joto hujaza mabonde hayo. Yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko metali, lakini vizuri zaidi kuliko hewa, na ndiyo maana hupakwa kidogo tu: iwe nyembamba kiasi cha kujaza mabonde bila kuzitenganisha metali.

Hitisinki hutengenezwa kwa alumini, kwa shaba au kwa zote mbili. Nyingi za ukubwa wa kati zina mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, yenye kimiminika kidogo ndani, kwa kawaida maji. Maji hayo hugeuka mvuke karibu na prosesa, mvuke huenda kwenye mapezi, hupoa na kuwa maji tena, kisha hurudi. Hakuna pampu inayohitajika.

Hatua hizi tano hutegemeana. Feni kubwa haisaidii ikiwa pesti imekauka, na pesti nzuri haisaidii ikiwa kasha limejaa hewa moto isiyo na pa kutokea.

## Historia

Prosesa za kwanza hazikuhitaji kupozwa. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 tu, na Intel 8086 ya mwaka 1978 ilifanya kazi bila hitisinki. Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Pentium za kwanza za mwaka 1993, zilizokuwa na kasi ya megahezi 60 na 66, zilitumia volti 5 na kutoa joto lililohitaji hitisinki, na kwa kawaida feni juu yake.

Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walieleza kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake, joto kwa kila eneo la silikoni hubaki karibu lilelile. Kwa miaka takriban 30 kanuni hiyo iliwezesha kasi kupanda bila joto kuzidi mno. Katikati ya miaka ya 2000 ilifikia kikomo, kwa sababu volteji haikuweza kushushwa zaidi bila uvujaji wa umeme kukua. Pentium 4 ya aina iliyoitwa Prescott, iliyotolewa Februari 2004, ilijulikana kwa joto lake. Matoleo yake ya juu yaliwekwa katika kiwango cha wati 115. Mei mwaka huohuo Intel iliacha mradi wa Tejas, uliokusudiwa kuifuata. Tangu hapo watengenezaji walielekea kwenye prosesa zenye viini viwili au zaidi badala ya kutegemea kasi ya kiini kimoja.

Ulinzi wa prosesa nao ulikua. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya kompyuta zilizoondolewa hitisinki zikiwa zinafanya kazi. Prosesa ya AMD Athlon iliungua mara moja, wakati Pentium 4 ilijipunguzia kasi na kuendelea polepole. Leo ulinzi wa aina hiyo uko katika prosesa zote za kawaida za kompyuta za mezani.

Mwaka 2024 Intel ilitangaza kwamba baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na cha 14 ziliharibika kwa sababu ya volteji iliyokuwa juu kupita kiasi. Ilitoa sasisho za programu ya ndani ya prosesa, zinazosambazwa kupitia bayosi ya bodi mama, na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Sasisho huzuia madhara mapya, lakini haliwezi kuponya prosesa iliyokwisha kuharibika.

## Viwango vya halijoto

Hakuna namba moja inayofaa prosesa zote. Kila aina ina kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, na prosesa ikikifikia huanza kujipunguzia kasi. Kwa prosesa nyingi za Intel Core kikomo hicho ni 100 °C. Prosesa nyingi za AMD Ryzen 7000, zilizotolewa kuanzia mwaka 2022, zina kikomo cha 95 °C, na zimebuniwa ziweze kufanya kazi nzito katika halijoto hiyohiyo. Ryzen 7 7800X3D ina kikomo cha 89 °C.

Kwa makadirio ya jumla, kompyuta ya mezani iliyo katika hali nzuri huwa na:

- 30 hadi 50 °C inapokuwa imewashwa bila kazi;
- 50 hadi 75 °C katika kazi za kawaida za ofisini, masomo na video;
- 70 hadi 90 °C katika kazi nzito kama kuhariri video au michezo mikubwa.

Karatasi za maelezo za Intel kwa prosesa za miaka ya nyuma hutaja kiwango kingine, mara nyingi kati ya 65 na 75 °C. Namba hiyo inahusu uso wa kifuniko cha prosesa, siyo vipimajoto vilivyo ndani ya viini. Mtu anayelinganisha namba hiyo na usomaji wa programu huweza kudhani prosesa yake iko hatarini wakati iko salama.

Halijoto ya chumba nayo ni sehemu ya hesabu. Kipozeo cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya halijoto ya hewa inayoingia. Kinachofanya ni kupunguza tofauti kati ya hizo mbili. Ikiwa prosesa hufikia 70 °C katika chumba cha 20 °C, tofauti ni nyuzi 50. Kompyuta hiyohiyo ikihamishiwa chumba cha 32 °C na kufanya kazi ileile, itafikia takriban 82 °C bila kuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo anayesoma ushauri ulioandikwa katika nchi ya baridi anapaswa kuongeza tofauti ya chumba kabla ya kuamua kwamba kompyuta yake ni mbovu.

## Dalili

Dalili za kawaida za prosesa kupata joto kupita kiasi ni hizi:

- feni inazunguka kwa kasi na kelele hata katika kazi ndogo;
- kompyuta inaanza vizuri, kisha inakuwa nzito baada ya dakika chache;
- kompyuta inazimika ghafla wakati wa kazi nzito, na ikiwashwa papo hapo huzimika tena mapema zaidi;
- onyo la joto au la feni linaonekana kwenye skrini wakati wa kuwasha.

Kuzimika ghafla kunamgharimu mtumiaji kazi ambayo hakuihifadhi, na mara nyingine mafaili yaliyokuwa yakiandikwa kwenye diski wakati huo. Hata hivyo kuzimika huko ni ulinzi uliofanya kazi yake, na si uthibitisho kwamba prosesa imeharibika. Prosesa nyingi zilizotoa dalili hizi huendelea kutumika miaka mingi baada ya kusafishwa.

Joto la muda mrefu lina madhara yake. Atomi za metali katika nyaya ndogo za prosesa huhama polepole zikisukumwa na mkondo wa umeme, na uhamaji huo huenda haraka zaidi katika halijoto ya juu. Kapasita zenye kimiminika zilizo kwenye bodi mama na ndani ya pawa saplai nazo hukauka mapema. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita hizo kwa karibu nusu.

## Kupima

Kugusa kasha hakutoshi kujua halijoto ya prosesa. Prosesa ina vipimajoto ndani yake, na programu husoma namba zake. Katika Windows hutumika programu kama HWiNFO, HWMonitor na Core Temp. Katika Linux hutumika kifurushi cha lm-sensors. Bayosi ya kompyuta nyingi pia huonyesha halijoto, lakini usomaji wake hauonyeshi hali ya prosesa ikiwa kazini.

Vipimo hufanywa mara mbili: kwanza kompyuta ikiwa imewashwa bila kazi kwa dakika 10 hivi, kisha ikiwa chini ya mzigo. Mzigo unaweza kuwa kazi halisi ya mtumiaji, au programu ya majaribio kama Cinebench au Prime95. Halijoto ya chumba iandikwe pamoja na vipimo hivyo, ili vipimo vya kabla na baada ya matengenezo vilinganishwe kwa haki.

Programu ya zamani inaweza kusoma vibaya. Baadhi ya Ryzen za mwanzo, kama Ryzen 7 1800X ya mwaka 2017, zilitoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi kwa ajili ya kuongoza feni. Programu ambayo haikuondoa nyongeza hiyo ilionyesha 75 °C wakati halijoto halisi ni 55 °C.

## Kutambua mahali penye tatizo

Majaribio machache yasiyo na gharama hutosha kuonyesha hatua ya njia ya joto iliyoziba.

Jaribio la kwanza ni kuangalia matumizi ya prosesa. Ikiwa prosesa inafanya kazi kwa asilimia 80 au 100 wakati mtumiaji hajafungua kitu, tatizo liko kwenye programu. Inaweza kuwa sasisho linaloendelea, kivinjari chenye kurasa nyingi, au programu haribifu inayotumia kompyuta kuchimba sarafu za kidijitali kwa siri.

Jaribio la pili ni kuondoa ubavu wa kasha na kupima tena. Halijoto ikishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, hewa haizunguki vizuri ndani ya kasha. Isiposhuka, tatizo liko kwenye kipozeo chenyewe.

Jaribio la tatu ni kugusa hitisinki. Kompyuta ikiwa imefanya kazi nzito, huzimwa, huchomolewa kwenye umeme, na baada ya feni kusimama ukingo wa hitisinki huguswa kwa uangalifu. Ikiwa programu ilionyesha 95 °C lakini hitisinki ni vuguvugu tu, joto halivuki kutoka kwenye prosesa: pesti imekauka au hitisinki haikukaa sawasawa. Ikiwa hitisinki yote ni ya moto sana, joto limevuka lakini hewa hailichukui: feni imesimama au mapezi yamezibwa na vumbi.

Kasi ya kupanda nayo inasema mengi. Halijoto inayoruka hadi kikomo katika sekunde chache baada ya kuanza mzigo huashiria mguso mbaya, au pampu iliyokufa katika kipozeo cha maji. Halijoto inayopanda taratibu kwa nusu saa huashiria hewa moto inayokusanyika ndani ya kasha au chumbani.

## Kurekebisha

### Kuondoa vumbi

Vumbi hujikusanya hasa kati ya feni na mapezi, ambako halionekani mpaka feni iondolewe. Kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa ukutani, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Kazi hufanywa nje au penye upepo. Vumbi hulegezwa kwa brashi laini na kupulizwa kwa kopo la hewa, au kwa mashine ya kupuliza ambayo mafundi huiita blowa. Mapanga ya feni hushikwa kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa sababu yakizungushwa kwa kasi kubwa huharibu beringi. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani haifai kuguswa kwenye bodi mama, kwani inaweza kuleta umeme tuli.

Pawa saplai hupulizwa kutoka nje tu. Haifunguliwi na mtu asiye fundi, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

### Kukagua feni na hitisinki

Feni ya prosesa inapaswa kuchomekwa kwenye soketi yake maalumu, ambayo kwenye bodi mama nyingi imeandikwa CPU_FAN. Feni inayotetemeka, inayolia au inayohitaji kusukumwa kwa kidole ili ianze inapaswa kubadilishwa.

Vipozeo vingi vinavyouzwa pamoja na prosesa za Intel hushikwa na pini nne za plastiki. Pini moja ikichomoka, hitisinki huinuka upande mmoja na mguso hupotea. Kosa hili hutokea mara nyingi baada ya kompyuta kusafirishwa. Hitisinki za skrubu hufungwa kwa zamu, kona moja kisha kona inayotazamana nayo, kidogo kidogo, ili shinikizo liwe sawa. Kwenye kipozeo kipya karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kitako lazima iondolewe.

### Kubadilisha pesti

Pesti hukauka baada ya miaka kadhaa, na ni lazima ibadilishwe kila hitisinki inapong'olewa. Ile ya zamani hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowekwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kwa prosesa ya kawaida, tone moja lenye ukubwa wa punje ya njegere huwekwa katikati ya kifuniko, na shinikizo la hitisinki hulitandaza. Dawa ya meno na mafuta ya kujipaka havifai; hukauka au kuyeyuka kwa muda mfupi na huweza kuharibu metali.

Prosesa za AMD za soketi ya AM4 zina pini chini yake, na pesti iliyokauka huweza kuing'oa prosesa pamoja na hitisinki na kupinda pini hizo. Ili kuepuka hilo, kompyuta huwashwa kwa dakika chache ili pesti ilainike, kisha huzimwa na kuchomolewa, na hitisinki huzungushwa kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinuliwa.

### Kupitisha hewa katika kasha

Mpangilio wa kawaida ni feni za mbele kuingiza hewa baridi, na za nyuma na juu kutoa hewa moto. Upande wa fremu inayoshika mota ndio kwa kawaida hewa inakotokea. Nyaya hukusanywa pembeni zisizibe njia. Kasha lisisukumwe hadi ukutani, lisifungiwe ndani ya kabati, wala lisiwekwe kwenye zulia linaloziba matundu ya chini. Kitambaa cha kufunikia kompyuta huzuia vumbi, lakini kinapaswa kuondolewa kabla ya kuiwasha.

### Mipangilio

Ikiwa kasi au volteji ziliongezwa kupita zile za kiwandani, hurudishwa kama zilivyokuwa. Katika Windows, kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 katika mipangilio ya umeme huzuia, kwenye kompyuta nyingi, prosesa isijiongezee kasi. Joto hushuka sana na kazi za ofisini hazionyeshi tofauti kubwa. Bodi mama nyingi huruhusu pia kuweka kikomo cha wati, kupunguza volteji kidogo, au kuamuru feni ianze kukimbia mapema.

### Kubadilisha kipozeo

Kipozeo kikubwa hununuliwa mwisho, hatua nyingine zikishakamilika. Kinafaa pale prosesa inapotumia nguvu nyingi kuliko uwezo wa kile kilichopo. Core i9-13900K, kwa mfano, imewekwa katika kiwango cha msingi cha wati 125 lakini inaruhusiwa kufikia wati 253. Kabla ya kununua, aina ya soketi na urefu unaoruhusiwa na kasha huhakikishwa. Vipozeo vya maji huhamishia joto kwenye mapezi yaliyo mbali na prosesa, lakini mwishoni hutegemea hewa ya chumba ileile, na vina pampu inayoweza kufa.

## Mazingira ya joto na vumbi

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, mchana wa miezi ya Januari hadi Machi huzidi 30 °C mara nyingi, na chumba kisicho na kiyoyozi huweza kuwa na joto zaidi. Bara kama Dodoma, tatizo kubwa wakati wa kiangazi ni vumbi. Katika mazingira hayo kusafisha kila baada ya miezi mitatu au minne kunafaa kuliko mara moja kwa mwaka. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina hewa baridi zaidi. Hewa hiyo ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo feni ileile hubeba joto pungufu kidogo, ila ubaridi wake hufidia.

Kompyuta nyingi katika shule na ofisi za Afrika Mashariki zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Katika mashine hizo pesti huweza kuwa ileile ya kiwandani, yenye umri wa miaka mingi. Kupaka pesti mpya na kupuliza vumbi kabla ya kuanza kuzitumia huzuia matatizo mengi ya baadaye.

Chumba cha kompyuta nacho kina hesabu yake. Kompyuta 20 zinazotumia wati 100 kila moja hutoa wati 2,000 za joto, sawa na pasi mbili za umeme za wati 1,000 zilizoachwa zikiwaka. Mtu aliyekaa hutoa takriban wati 100, kwa hiyo wanafunzi 40 huongeza wati 4,000. Madirisha yakifungwa, halijoto ya kila prosesa hupanda pamoja na ya chumba, na kompyuta ambazo asubuhi hazikuwa na kasoro huanza kuzimika mchana. Madirisha ya pande mbili zinazotazamana yakifunguliwa, hewa moto hupata njia ya kutoka. Pangaboi huisukuma hewa, lakini peke yake haitoi joto nje ya chumba.

## Matatizo yanayofanana

Si kila kompyuta inayozimika ina joto kupita kiasi. Ikizimika wakati programu inaonyesha prosesa iko 60 °C, sababu huweza kuwa pawa saplai iliyochoka, hasa ikiwa hutokea wakati kadi ya michoro inapoanza kazi nzito. Umeme unaoshuka kwa muda mfupi huzima kompyuta huku feni ya darini ikiendelea kuzunguka, na mtu huweza kudhani ni joto. Skrini ya bluu inayofuatwa na kuwaka upya mara nyingi huhusiana na kumbukumbu, diski au programu.

Namna ya kutofautisha ni kuacha programu ya vipimo ikiandika halijoto kwenye faili kila baada ya sekunde chache. Baada ya kompyuta kuzimika, mstari wa mwisho wa faili huonyesha prosesa ilikuwa na nyuzi ngapi. Ikiwa namba hiyo iko mbali na kikomo, kubadilisha kipozeo au prosesa hakutasaidia, na uchunguzi unapaswa kuhamia kwenye umeme.